Ugali Haujapoa

Ubishi ule ulianza na baridi ya Juni, ukatuharibia karibu msimu wote wa kipupwe. Tulikuwa wanne tuliozoea kukutana jioni mbele ya duka la vipuri vya baiskeli mtaa wa Mazwi, tukivaa makoti, tukinywa chai ya tangawizi na kuzungumzia filamu. Mwenye duka anatoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa mjini, na anapenda filamu kama wengine wanavyopenda mpira. Wa pili ni mwalimu anayekaa mtaa wa Katandala. Wa tatu ni fundi cherehani, dada mmoja asiye na maneno mengi, ambaye chumba chake cha kushonea kinatazamana na duka. Wa nne ni mimi. Niliwahi kusoma taarifa ya habari redioni, na mpaka leo pale dukani naitwa mtangazaji.

Filamu yenyewe ni ya nje. Ni habari ya mama na mwanawe wanaoishi peke yao, na kijana anatumia dawa za kulevya. Haina risasi wala mapenzi. Lakini ina tukio moja lililowakera watu: mama amelazwa hospitalini, kijana anauza kitanda cha mama yake, kisha anakwenda wodini, anamshika mama mkono na kumwambia kwamba nyumbani kila kitu kiko salama. Kamera inakaa usoni mwa kijana muda mrefu, na uso ule hauna aibu hata chembe. Baadaye mama anamfukuza. Mwishoni kijana anarudi, amekonda, anabisha hodi.

Mwalimu alisema filamu ile inafundisha watoto uhuni, na kwamba aliyeileta mjini angestahili kuhojiwa. Mwenye duka alisema hajawahi kuona filamu ya kweli kama ile, kwa sababu haimbembelezi mtazamaji. Kwa maoni yake, mama hamfungulii mwanawe, na hatakiwi kumfungulia. Fundi alisema mama anafungua. Alisema hivyo jioni ya kwanza, akarudia jioni zilizofuata bila kuongeza neno, na kila aliporudia mwenye duka alipiga goti kwa kiganja na kuuliza kama walitazama filamu moja.

Kilichonichosha si ubishi. Kilichonichosha ni kwamba sote tulijua kwa nini fundi anaushikilia mlango ule, na bado tuliendelea kuongea kama watu wanaobishania mchezaji.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mlevi wa gongo. Mara ya mwisho alipokaa kwake, kijana alikifungua kichwa cha cherehani akakipeleka rehani kwa mpika gongo, na sare za watoto wa watu zikabaki mezani zimekatwa bila kushonwa. Dada mtu alikikomboa kichwa, akamtoa kijana nje. Kijana akaenda kijijini Mpui kwa shangazi yao, na kule, kwa maneno ya shangazi, akaacha kunywa. Shangazi huyo tulimfahamu. Aliwahi kuja mjini, akakaa chumbani kwa fundi wakati filamu ile ikichezwa kwenye simu, akasikia kwamba kijana wa kwenye filamu ameharibiwa na unga. Akauliza, kwa masikitiko ya kweli, ni unga wa mahindi au wa ulezi. Mwenye duka aliusimulia mzaha huo mwezi mzima.

Sasa ulikuwa wakati wa kupura ulezi, na kijana alikuwa anapiga simu. Fundi aliniambia maneno yake siku moja nilipompelekea suruali kupunguza. Kijana alisema, "Dada, huku kila kazi malipo yake ni kimpumu." Anayelima Ufipa anaelewa. Mwenye ulezi anapika kimpumu, pombe ya ulezi, majirani wanakuja kupura, jioni wanazunguka chungu, kila mtu na mrija wake. Anayeukataa mrija anaonekana ameidharau nyumba. Anayekataa kwenda kupura anaonekana mvivu, na zamu yake ikifika hapati mtu. Kijana alikuwa ameukataa mrija mara kadhaa na hakujua ataukataa mpaka lini. Aliomba kurudi mjini Jumamosi, kwenye gari la mizigo litakaloleta mahindi. Dada yake hakuwa amemjibu.

Jioni ile ile nilipoteza subira. Mwenye duka alikuwa ameanza tena kumweleza fundi maana ya mlango, na mwalimu alikuwa anadakia. Nikawaomba kila mmoja anisimulie mwisho wa filamu kuanzia hodi, alichokiona na alichokisikia tu, maoni abaki nayo.

Mwenye duka alisema: kijana anabisha, mama anakuja mpaka nyuma ya mlango, anaweka mkono kwenye komeo. Kimya. Mkono hausogei. Giza.

Fundi alisema: kijana anabisha, mama anakuja, anaweka mkono kwenye komeo, halafu anasema, "Ingia mwanangu, ugali haujapoa." Giza.

Tulitazamana. Nikamgeukia mwalimu. Mwalimu alikitazama kikombe chake, akasema kwamba yeye, kusema kweli, aliizima pale kwenye kitanda.

Basi likawa wazi. Mwenye duka alikuwa na filamu yenyewe, yenye maandishi chini, kwa sababu anajivunia kusoma maandishi. Fundi aliingiziwa kwenye simu na muuza filamu za flashi karibu na stendi, na za pale zote zimetafsiriwa na madijei. Dijei wa filamu anazungumza kwa niaba ya wote: mama, mwana, daktari, hata mbwa. Kitu asichoweza ni kunyamaza, maana akinyamaza watu wanadhani flashi imeharibika. Alipofika pale kwenye kimya akakijaza kwa maneno yake. Na kwa kuwa ni mtu wa hapa hapa nchini, akampikia yule mama wa ng'ambo ugali.

Nilidhani ubishi umekwisha. Mwenye duka alicheka mpaka akavua kofia. "Dada, umedanganywa na dijei," alisema. Mwalimu, akifurahi kwamba hakuna tena anayeuliza kuhusu kitanda, alihoji dijei ana haki gani kumwekea mtu maneno mdomoni. Wakaanza upya: kutafsiri ni nini, kuongeza ni nini, wapi sanaa inaishia. Fundi aliinuka na chai yake ikiwa nusu. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale.

Kesho yake mchana alivuka barabara, akamwomba mwenye duka amwonyeshe filamu isiyo na dijei, mwisho tu. Upepo ulikuwa unapiga mabati ya paa, vumbi linaingia mpaka kwenye maboksi ya spoku. Tulisimama nyuma ya kaunta tukitazama kompyuta ndogo ya mwenye duka. Mwalimu naye alikuwepo; kitanda kilikuwa kimeshapita.

Mwenye duka hakuweza kutulia. Alieleza mwanga. Akaeleza kwa nini komeo ni la chuma. "Tazama kidole gumba," alisema.

"Kaka, nyamaza kidogo," fundi akamwambia.

Alinyamaza. Mkono ulikaa kwenye komeo, likaja giza.

"Rudisha."

Akarudisha. Mkono, komeo, giza. Nje mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli akitaka kuhudumiwa.

"Kwa hiyo hakuna aliyesema," fundi alisema.

"Hakuna. Ndiyo utamu wake, kila mtu anaamua mwenyewe."

"Mimi yule dijei nimemsikiliza kila siku nikishona," alisema fundi, bado akitazama kioo cheusi. "Niliona kumbe maneno yenyewe ni mepesi hivyo. Nikasema akipiga tena simu, namwambia hayo hayo."

Huo ndio ulikuwa wakati wa mtu kusema jambo la maana. Mwalimu ndiye aliyesema. Alimkumbusha kwamba kijana wa kwenye filamu anatumia unga, na mdogo wake alikuwa mnywaji tu, kwa hiyo asilinganishe. Mwenye duka akampinga papo hapo, kwamba kilevi ni kilevi. Mwalimu akajibu kwamba basi na tumbaku aiweke humo. Wakaenda hivyo. Nilitamani kuifunga ile kompyuta kwa nguvu. Niliitafuta sentensi ya kumwambia yule dada, na kila niliyoipata ilinukia redio.

Ijumaa alikuja tena dukani akanunua mnyororo na kufuli, ule wa kufungia baiskeli. Hana baiskeli. Mwenye duka alimpimia urefu huku akiniambia mimi kwamba dijei yule anastahili kushtakiwa.

Jumamosi jioni tulikuwa tumeshakaa. Gari la mizigo lilipita, likasimama mbele kidogo, na mdogo wake fundi akateremka kutoka juu ya magunia ya mahindi akiwa na kifurushi begani, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amekonda, lakini anatembea sawasawa. Alipofika kwetu alipunguza mwendo.

"Shikamooni."

"Marahaba," alisema mwenye duka bila kugeuka, kwa sababu alikuwa katikati ya hoja. Alikuwa anamthibitishia mwalimu kwamba mama wa namna ile hawezi kufungua, kwa tabia yake tangu mwanzo wa filamu. Kijana alisikia. Alibaki kidogo pale, pengine akidhani anasemwa mama anayemjua, kisha akavuka barabara.

Mlango wa fundi ulikuwa wazi kama siku zote za kazi. Kijana alisimama nje ya kizingiti, akapiga hodi. Kutoka tulipokaa niliwaona wote wawili, na sauti zilifika kwa sababu upepo ulikuwa umetulia. Dada mtu hakuinua uso. Alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Umebeba nini?"

"Unga. Shangazi amesema nikwambie mapema, ni wa ulezi."

Mwenye duka alilisikia neno hilo, na mzaha wake ukamjia mdomoni, niliuona ukija. Kisha akamwona aliyebeba, akaumeza pamoja na chai.

Fundi alikipokea kifurushi, akakiweka chini ya meza. "Ugali umepoa," alisema. "Jiko liko uani. Pasha mwenyewe."

Kijana aliinama kuvua viatu. Hapo ndipo alipouona mnyororo. Ulitoka kwenye kichwa cha cherehani, ukashuka mpaka sakafuni, ukapanda kuzunguka nondo ya dirisha, na kufuli lilikuwa linang'aa, jipya. Aliutazama. Dada yake naye alikuwa anamtazama, na hakusema kwamba si kitu, wala hakuusogeza. Kijana akauruka kwa uangalifu, viatu mkononi, akapita kwenda uani.

"Mtangazaji," mwenye duka aliniita, "wewe unasemaje? Yule mama alifungua au hakufungua?"

Moshi wa mkaa ulikuwa umeanza kupanda nyuma ya chumba cha fundi. Nilimwambia aende akaulize mwenyewe, ni hapo ng'ambo ya barabara. Akasema mimi siku hizi sina mzaha, akamgeukia mwalimu, wakaendelea.