Hatua Ishirini Mbele, Tatu Kulia

Baba yangu alikuwa fundi mwashi hapa Babati. Siku alipoaibishwa nilikuwa na miaka kumi na minne, nimesimama nyuma yake na chakula chake kwenye hotipoti. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaniambia nisamehe. Wameshaniambia wengi, wakiwemo wanaonipenda.

Msikiti wa mtaa wetu, huko Maisaka, ulikuwa ndio unaanza kujengwa, na baba alipewa kazi ya kupima msingi. Alizaliwa kwa wafugaji wa uwanda wa Hanang, akasilimu alipomwoa mama, binti wa wenye duka mjini. Uashi alifundishwa na fundi mmoja mzee wa Kondoa, na kutafuta kibla alifundishwa na huyohuyo. Unasimika kijiti mahali palipo sawa na kuchora duara kukizunguka. Asubuhi unatia alama pale ncha ya kivuli inapogusa duara, na alasiri unatia nyingine. Ukivuta uzi kutoka kwenye kijiti hadi katikati ya alama hizo mbili, umepata kaskazini na kusini. Kisha, kwa upande wetu huu wa nchi, unaielekea kaskazini, unatembea hatua ishirini mbele na tatu kulia. Uzi kutoka ulipoanzia hadi hapo ulipofika unaelekea Makka.

Nilipomuuliza kwa nini ishirini na tatu, aliniambia ndivyo alivyofundishwa, na fundi wake naye ndivyo alivyofundishwa.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na ndiye aliyetoa saruji na nondo. Alifika akakuta nyuzi za baba zimekatisha kiwanja, hazifuati barabara.

"Fundi, mbona msingi umekwenda kombo?"

"Shikamoo, Mwenyekiti. Hicho ndicho kibla."

Hakuitikia. Aliinua bakora yake akaielekeza barabara kuu. "Kibla ni kaskazini. Kaskazini ni Arusha. Hata mtoto wa chekechea anajua."

Mtu wa kwetu humwelekezi kwa jua wala kwa nyota. Unamwambia upande wa Arusha, upande wa Singida, upande wa Kondoa, naye anafika. Ukimuuliza kaskazini iko wapi, atakuonyesha Arusha bila hata kufikiri. Lakini barabara ya Arusha inaelekea mashariki kuliko wengi wanavyodhani, na Arusha yenyewe iko kaskazini mashariki. Baba alijaribu kueleza hivyo kwa adabu.

"Wewe juzi tu ulikuwa unachunga ng'ombe," Mwenyekiti akasema, "leo unatufundisha kibla?"

Watu walicheka. Niliwaona mmoja mmoja, na ninaowakumbuka bado sinunui kitu madukani mwao. Siku ileile vibarua waliagizwa wang'oe vigingi vya baba, wavute nyuzi upya kuelekea Arusha. Baba alisimama pale mpaka walipomaliza, kisha akala chakula chake chote, kwa sababu mama alikuwa amekipika.

Kuanzia hapo mji ulimwita Fundi Kombo. Nani atampa Fundi Kombo nyumba yake aijenge? Alimaliza maisha yake akiziba nyufa na kujenga vyoo huko Mutuka na Sigino, ambako jina lilichelewa kufika. Msikiti ulipokamilika alikuwa akisimama safu ya nyuma, amegeukia kushoto. Mwenyekiti akamwambia afuate safu au aswali kwake. Akachagua kwake. Alipigilia misumari miwili kwenye sakafu ya sebule, na mkeka wake ukawa unafuata misumari hiyo.

Wengine wakitaka kulipiza kisasi huenda kwa mganga. Mimi nilikwenda kwa wanahesabu.

Nilisoma hesabu kwa hasira. Chuoni nilikutana na wazee wa kale ambao hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba wako upande wetu. Nilimkuta yule wa Misri aliyepima ukubwa wa dunia kwa kivuli na kisima, bila kutoka mjini kwake. Niliwakuta wale wa Baghdadi na nchi za mashariki yake, waliotaka kujua mtu aliye mbali aelekee wapi anaposwali. Ili kulijibu swali hilo wakaunda hesabu ya pembetatu zinazolala juu ya mgongo wa tufe. Wataalamu wa anga wa leo wanaporusha chombo kwenda kwenye sayari bado wanatumia pembetatu zilezile. Nilikaa na kalamu, nikaweka mahali ilipo Babati na mahali ilipo Makka, nikakokotoa. Jibu lilitoka pembe ya nyuzi tisa kasoro kidogo, kulia kwa kaskazini.

Ukitembea hatua ishirini mbele na tatu kulia, unapata pembe hiyohiyo. Nililia mle maktabani, na haikuwa furaha. Karne nyingi zilikuwa zimeileta namba ile kutoka kwa wasomi hadi kwa fundi wa Kondoa, kutoka kwake hadi kwa baba, na muuza nondo mmoja akaing'oa kwa siku moja.

Nilirudi Babati kufundisha hesabu. Nilimwonyesha baba karatasi yangu. Aliitazama sana, akasema, "Basi yule mzee hakunidanganya." Miaka miwili baadaye alifariki.

Sisi wanawake tulisimama mbali wakati wa maziko, lakini sikuhitaji kuwa karibu. Niliiona bakora ya Mwenyekiti ikiinuka na kuelekezwa Arusha. Kaburi la baba lilichimbwa kwa kipimo kilekile, uso wake ukageuzwa kwenye barabara aliyoikataa maisha yake yote. Siku ile niliacha kuomba na kuanza kupanga.

Simu za vijana zilikuwa zimeanza kuonyesha mshale uliokwenda kombo na msikiti. Mwenyekiti aliwajibu kwamba simu huvurugwa na nondo za jengo. Nikajua ninahitaji kitu kisichovurugwa na nondo. Mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai, jua husimama juu kabisa ya Makka, na wanahesabu wanajua hadi dakika yake. Dakika hiyo kila kijiti kinachopata jua hutupa kivuli kilichoipa Makka mgongo.

Mei mawingu yalinishinda. Nikasubiri. Nilishazoea kusubiri.

Julai nilimwomba sheikh awatoe watu uani kabla ya adhuhuri. Sheikh wetu ni kijana, mpole, nami niliwahi kumfundisha. Nilisimika bomba lililonyooka kwa timazi ya baba. Mwenyekiti aliletewa kiti. Ilipotimia saa sita na dakika ishirini na saba nilivuta uzi juu ya kivuli, kutoka ncha hadi kwenye bomba na kuendelea mbele. Ulikwenda kombo na ukuta wa msikiti mbele ya macho ya watu wote.

"Uzi huu ni wa Fundi Kombo," nikasema. "Aliyeng'oa vigingi vyake yuko hapa amekaa."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitazama kivuli mpaka kikasogea. Sheikh akasema swala zilizopita ni sahihi, maana aliyekosea kibla bila kujua hana lawama. Mungu alimsamehe upesi mno, kwa maoni yangu. Lakini mazulia yaligeuzwa wiki ileile, na sasa kila Ijumaa Mwenyekiti anasujudu mshazari ndani ya jengo lake, sambamba na misumari ya sebuleni kwetu. Nilifurahi. Sitaki kudanganya.

Nilipouliza kuhusu kaburi la baba, nikaambiwa maiti hafukuliwi kwa jambo hilo.

Mwaka huu Mwenyekiti ameugua. Aliniita nyumbani kwake, wanawe wamekaa pembeni. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mwalimu," akasema, "naomba unipimie kaburi langu. Nisilazwe vibaya."

"Nitakupimia sawasawa, Mzee. Lakini litakuwa kando ya la baba."

Wanawe waliinua vichwa. Yeye alielewa upesi kuliko wao. Makaburi mawili yatalala pamoja, moja limenyooka na moja limekwenda kombo. Kila atakayekuja kumwombea dua atauliza kwa nini, na wanawe ndio watakaojibu.

Akamwambia mwanawe mkubwa, "Mpeleke akapime."

Nilipima kwa kijiti na duara, asubuhi na alasiri, ingawa simu ilikuwa mfukoni. Nikatembea hatua ishirini mbele na tatu kulia. Vigingi vyangu viko pale, uzi wa baba umefungwa juu yake. Nikienda shule napita karibu, navitazama. Kaburi bado halijachimbwa, na mimi sina haraka.