Mafuta Yaliyonuka Kama Mulima

Juzi sokoni Murara nilimwona mteja akinusa kopo la mafuta ya giaboksi, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu uani kwetu, juu ya mawe meusi. Papa alikuwa chini ya pikapu yake kuukuu. Ndiyo iliyoleta samaki kutoka ziwani Vitshumbi, na samaki ndio waliotulisha na kutusomesha.

Alikuwa amenunua makopo mawili ili achague. Moja halikunuka sana. Lingine lilinuka kiberiti, kama moshi wa mulima wetu wa moto.

“Papa, haya waliyachota kwenye volkano?”

“Ndiyo, mama yangu,” alicheka. “Dawa isiyonuka si dawa.”

“Na kama mulima utakula gari?”

“Wee! Maswali yako yatakumaliza.” Akamimina yale yenye harufu.

Usiku ule niliihurumia pikapu, imelala na volkano tumboni.

Leo najua kwamba mafuta yale hula pete za shaba zinazosaidia gia kuingia katika magari ya zamani. Gia zilianza kulia, zikagoma, na Papa akaiuza pikapu akiilaani barabara kwamba ndiyo iliyoziua. Mpaka leo anailaani. Nami, ninayebishana na kila mutu, hapo hunyamaza.