Kikuba cha Alhamisi

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo mweupe kabisa, kwamba mtoto akinusa asumini ya nyumba ya mayatima, mamake hafiki mwakani. Msinicheke. Hata leo, mwanamke akinipita kichochoroni na kikuba cha asumini kifuani, pua yangu hujifunga yenyewe kama dirisha lililopigwa na upepo, na mimi, mzee mzima mwenye cheti cha ngumbaru ukutani, hubana pumzi mpaka avuke pembe.

Habari hiyo niliipata kwa Athumani, mwenzangu wa chuoni, tulikosomea Kurani, aliyekuwa na habari kuliko redio. Ushahidi pia alikuwa nao. Mbuzi mmoja alikula asumini hiyo ilipoangukia nje ya ukuta, na kesho yake akafiwa na mamake. Kwamba kesho yake ilikuwa Idi, na mamake alichinjwa pamoja na nusu ya mbuzi wa mji wetu wa Amu, hilo hatukulitazama.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Langoni, nyumba ya mawe iliyoanza kuchoka. Bi Rukia, mjane asiye na mtoto, alilea humo watoto wa watu, waliofiwa huko Pate, Kizingitini na bara. Miaka hiyo ya hamsini haikuwa na mfadhili wala ofisi. Ilikuwa na siku. Jirani mmoja alipeleka chakula Jumamosi, mwingine Jumatatu, na sisi tulishika Alhamisi. Baba alikuwa Mombasa akifanya kazi bandarini, na kwetu hapakuwa na kingi, lakini Alhamisi mama alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka kama anayengojea ugeni wa Sultani. Aliufunika kwa kawa la ukili, refu kama mnara, nami nikaibeba sinia kichwani baada ya alasiri, shingo imezama mabegani.

Sasa, kwetu ni aibu kurudisha chombo cha watu kitupu. Utatia hata ndimu mbili, hata kipande cha mkate wa mofa. Nyumba ya Bi Rukia haikuwa na cha kutia ila mti mmoja wa asumini, uliotambaa katika uwanja wa ndani mpaka ukachungulia juu ya ukuta. Basi watoto wake walifunga kikuba, asumini na rihani kwa uzi, na ndicho kilichorudi kwetu juu ya sinia iliyooshwa ikang'aa. Mama alizijua hatua zangu tangu mbali.

"Ki wapi kikuba changu, baba?" aliita toka ndani, kabla sijavuka kizingiti.

Alikivaa kifuani mpaka jua lichwe, kisha akakiweka chini ya mto.

Ndipo alipoanza kukohoa. Mwanzo kilikuwa kikohozi kidogo, cha adabu. Baada ya miezi kadhaa kilikuwa kikiangusha chokaa ukutani, na popo wa gofu la jirani wakahama mtaa. Hayo ya popo nayasema mimi. Damu katika leso yake sikuitunga.

Nikakumbuka vikuba vyote nilivyonusa njiani. Nilimkimbilia Athumani nikamwuliza kama kuna dawa. Alifikiri, akakuna kisigino.

"Komesha maua," akasema. "Upesi, kabla mwaka haujesha."

Alhamisi ile nilikitupa kikuba mferejini. Mama alifunua kawa, akatazama chini yake.

"Hawakutia kitu?"

"Hawakutia."

Aliiweka ile sinia sakafuni polepole, kama kitu kilichopasuka.

Niliona ni bora kuukata mzizi wenyewe. Kisipofika chakula, hakitatoka kikuba. Alhamisi tatu zilizofuata niliingia katika gofu nyuma ya msikiti, nikafunua kawa, nikawaita paka. Paka wa Amu hawaitwi mara mbili. Walikula wakanenepa kama wanakondoo, mpaka wakawa hawawezi kuruka ukuta. Mimi sikuonja hata punje. Nilikuwa nikimwokoa mama, sikuwa mwizi. Kisha niliosha sinia baharini na kurudi na uongo wangu tayari: "Asumini haijachanua, mama."

Na mama akapata nafuu! Wiki ya tatu aliketi dirishani akasuka ukili, akaimba kidogo. Nilitembea mjini kifua mbele. Nani mwingine, hapa duniani, aliyewahi kuyashinda mauti kwa paka kumi na wawili?

Siku hizo Maimuna, msichana wa nyumba ya Bi Rukia tuliyesoma naye chuo kimoja, alinisimamisha mlangoni tulipokuwa tukitoka.

"Kwenu umekwisha mtele?"

"Mtele upo," nikamjibu, kwani mchele haukuwa umetuishia.

"Basi mbona Alhamisi twakaa mlangoni hata magharibi, kawa lenu halionekani? Bakari wetu, yule mdogo, kila apitaye ndiani amdhania ni wewe. Juzi alimpokea mchukuzi wa maji."

"Kuleni maua yenu," nikamwambia.

Maimuna hakulia. Alinitazama kama mtu anayesoma herufi asiyoijua.

"Maua ni ya mamako," akasema. "Si yetu."

Nilidhani ananitukana. Nikaenda zangu.

Mama alikufa Jumanne, asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Bi Rukia alikuja na watoto wake wote nyuma yake, na beseni la asumini la kutiwa katika sanda. Nilimrukia. Nililipiga beseni kwa mikono miwili, asumini zikatapakaa ukumbini, nikapiga ukelele kwamba wao ndio waliomuua. Wanawake walinishika wakasema ni uchungu. Maimuna alipiga magoti akaziokota, moja moja, akizipuliza vumbi.

Walipoinua godoro wakakuta chini yake kikuba cha kale, kimekauka, uzi wake umeshikwashikwa ukawa mweusi. Basi nikajua. Kumbe kile ndicho nilichosahau kukitupa.

Alhamisi hiyo, matanga hayajaondoka, kawa lilipita mlango wetu likiingia. Lilikuwa la nyumba ya mayatima. Ndani mlikuwa na kunde za nazi, nazi yenyewe kidogo na maji mengi, na wao ndio walioshinda na njaa, ndaa kama tusemavyo Amu. Shangazi alinipakulia mwanzo. Nilikula mpaka nikalamba kidole, kisha sinia nikairudisha tupu.

Nilikua. Nilimfuata baba Mombasa, nikabeba magunia bandarini, nikaingia ngumbaru nina ndevu za kutosha kujaza mto, nikatoka nasoma kuliko walimu wangu, au ndivyo ninavyowaeleza wajukuu. Miaka yote hiyo sikumwambia mtu habari ya maua. Mtu mzima anaweza kucheka neno mchana kutwa na bado akawa analiamini.

Niliporudi Amu nilinunua gunia la mchele, nikalipeleka Langoni siku ya Alhamisi, baada ya alasiri. Watu walinisifu njiani, wakasema nina mkono wazi. Laiti wangejua. Tangu utotoni nilidhani sisi wenye siku zetu ndio watoaji, na wale wa ndani ni wapokeaji tu. Haikunijia kwamba mama yangu alikuwa na kitu kimoja tu cha kungojea kwa wiki nzima, na kwamba kilitoka kule.

Bi Rukia alikuwa haoni tena. Alilipapasa gunia, akanipapasa uso, akataja jina la mama. Nikaketi chini, karibu na mti ule, nikamweleza yote: Athumani, mfereji, paka. Nilitaka anipige. Alisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Mamako alikufa kwa kifua," akasema. "Alikuwa nacho tangu hajaolewa, tangu akikaa nami humu, mwana yatima kama hawa. Mti huu aliupanda yeye. Asumini haikumfanya kitu."

Niliivuta harufu ya asumini ile, kwa pua, mara ya kwanza tangu utoto wangu.

"Na zile Alhamisi tatu, Bi Rukia?"

"Zile," akasema, "wana walilala na ndaa."