Maji ya Moto na Vidole Visivyosikia

Nakumbuka siku moja nilipokaribia kumwunguza mwanangu wa kumzaa kwa mikono yangu mwenyewe. Wewe unayesoma, mwanangu, shtuka tu. Mimi mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka.

Nilikuwa msichana mwenye nguvu, nagonga mawe ya dhahabu huko Geita. Mume wangu akishuka shimoni, mimi nabaki juu na nyundo mpaka jua lizame. Nilipojifungua Masanja sikupumzika; miezi miwili tu, nikarudi kwenye nyundo. Basi vidole vikaanza kufa ganzi mikono yote, wa kulia ukizidi: gumba, cha shahada na cha kati. Nikilala vinawaka moto, nakurupuka nakung'uta mikono.

Wenzangu wakasema mizimu ya ukoo imekasirika. Mbuzi akachinjwa, nikafungwa kipande cha ngozi mbichi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Unajua ngozi ikikauka inavyokaza. Ikakaza, maumivu yakapungua, nami nikajisifu kwamba dawa imekubali. Ujinga huo!

Mama mkwe akaja kutoka Didia kumwona mjukuu. Nikaandaa maji ya kumwogesha mtoto, nikatia vidole kupima, nikamwinua Masanja.

"Mama Masanja! Mrudishe mtoto!" Alitumbukiza kiwiko chake, akakichomoa mbio. "Unaogesha mtoto au unanyonyoa kuku?"

"Mbona ya vuguvugu tu, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Hebu tazama vidole vyako."

Nikatazama. Vimeiva, malengelenge yanatoka, na mimi sisikii kitu! Nikamrudisha Masanja kitandani.

Akachukua kisu, akaikata ile ngozi. Nikamwomba aache, mizimu itaudhika.

"Wazee wa ukoo huu nawajua kuliko wewe. Hawana ugomvi na vidole vitatu. Vaa viatu twende hospitali."

Tabibu aliuliza kama kidole kidogo nacho kina ganzi. Nikasema hicho kizima. Akanigongagonga kifundoni, nikaruka kama nimeshika waya wa umeme. Akaeleza kwamba hapo pana njia nyembamba, na mshipa wa fahamu unapita humo pamoja na kano za vidole. Nyundo na kuvimba mwili kwa sababu ya uzazi vilikuwa vimeubana. "Na wewe ukauongezea kamba," akasema nilipomweleza habari za ile ngozi. Nikaona aibu mpaka machozi.

Nilikatazwa nyundo, nikapewa kibao cha kunyoosha vifundo wakati wa kulala. Mkono wa kushoto ukapona. Wa kulia ilibidi upasuliwe pale kifundoni. Ganzi ikatoka, lakini nyama ya chini ya gumba, iliyokuwa imesinyaa, haikurudi. Vifungo vya gauni nafungiwa mpaka leo.

Sasa sikia, na usinibishie. Mkono ukifa ganzi mara kwa mara, iwe unagonga mawe, unasuka nywele au una mimba, usiufunge kitu kinachobana, usiuchanje. Upumzishe, lala kifundo kimenyooka, nenda hospitali wakati ganzi bado inakuja na kuondoka. Maumivu yakiisha na ganzi ikabaki, usishangilie, mshipa unakufa; hapo ndipo pa kukimbia. Na kama vidole havisikii, maji ya mtoto apime mwingine.

Mungu akuhifadhie mikono yako ikiwa hai, uwapakate nayo wanao, na wana wa wanao, bila hofu.