Sanduku la Jael

Nyuma ya nyumba ya Jael pale Mishomoroni, huku pwani, jembe halilimi, linalia tu. Ukilishusha linagonga mwamba na kukuachia ganzi mpaka begani. Jael alihangaika nalo misimu kadhaa, maana hakuna alichokitamani kama mboga za kwao, mrenda na mnavu, za kuchuma kwa mkono wake mwenyewe. Mwishowe akaacha kugombana na mwamba, akaamua kulima juu yake.

Akaunda sanduku. Mumewe, Lenox, alimletea mbao za paleti kutoka bandarini anakofanya kazi, akampa na nyundo, kisha akakaa kivulini kutoa maoni. Jael akapigilia misumari, akatandika nailoni ndani, akaliinua sanduku juu ya mawe ya ujenzi mpaka likamfika kiunoni, kwa sababu mabata wa jirani yao Kenga hawana adabu. Kenga mwenyewe, kwa kuona haya, alileta mkokoteni wa samadi ya mbuzi, akasaidia kuichanganya na udongo.

"Mama Velma," alisema, akimwita kwa jina la bintiye, "udongo huu, wallahi, hata ukipanda kijiko kitaota."

Mvua ikanyesha. Jael akatoka na mbegu mkononi, furaha imemjaa tele. Lenox akamzuia mlangoni.

"Mama ameshapanda?"

Jael akafumba kiganja juu ya mbegu. Kwao, kule bara, mama mwenye boma ndiye anayefungua msimu. Kabla hajatia mbegu yake ardhini, hakuna mwana wala mkazamwana anayethubutu kupanda. Na mwaka huu mvua ya bara ilikuwa imegoma.

"Hili ni sanduku, Lenox. Sanduku si shamba."

"Lina udongo?"

"Lina."

"Basi."

Sanduku likakaa wazi, likaota magugu, ambayo hayakuomba ruhusa ya mtu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani Jael alilichungulia, akasonya. Hatimaye uvumilivu ukamwisha. Akampigia simu mama mkwe wake, Mama Dorothy, akamweleza yote kwa pumzi moja, akaomba apande hata mstari mmoja tu.

"Limeinuka kiasi gani?" mama akauliza.

"Limefika kiunoni, mama."



"Usiliguse. Nakuja."

Jael alinuna mchana kutwa. Ndipo alipokumbuka magoti ya mama. Msimu uliopita yalikataa kabisa kukunjika. Mama alifungua shamba akiwa ameketi kitini, akadondosha mbegu chache, wajukuu wakamalizia, naye akaingia ndani kulia peke yake. Jael aliyaona yale machozi, na hakumwambia mtu.

Mama Dorothy aliteremka kwenye basi na mbegu zimefungwa kwenye pindo la leso. Chai aliikataa. Alikwenda moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, akalizunguka sanduku huku mkono ukipapasa ubao, akasimama wima, akachomeka kidole udongoni.

"Nikuletee kiti, mama?"

"Kiti mpe Lenox, ndiye kazoea."

Akapanda mstari baada ya mstari, amesimama, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya msichana. Machozi yalikuwa yakimtiririka naye akicheka. Aliacha pembe moja tu tupu.

"Hapo pako, mwanangu. Panda."

Jael alikuwa bado ana udongo vidoleni simu ya mama ilipolia. Alikuwa Erastus, mdogo wake Lenox, aliyebaki nyumbani bara, sauti yake ikisikika na wote. Mvua imeshuka, alisema, na boma zima linamsubiri mama arudi kufungua msimu.

"Nimeshapanda," mama akajibu. "Pandeni."

"Umepanda wapi?"

"Huku Mishomoroni."

"Lakini mama, huko si nyumbani. Hilo si sanduku tu la mke wa Lenox?"

Lenox akafungua kinywa. Jael akamtupia jicho. "Lina udongo," akamwambia, na Lenox akakifunga.

"Erastus," mama akasema polepole, mkono wake juu ya ubao, "huyo mke wa Lenox ni wa nani?"



"Ni wetu, mama."

"Basi pandeni."