Mgomba kwa Jina la Wanjala

Elphas anaendesha forklift katika bohari moja hapa Garland, Texas, anapanga makasha ya majokofu mpaka karibu na dari. Ukimwona amekaa pale kimya, huwezi kujua kwamba miguu ile ndiyo iliyolisha nyumba. Yeye na mdogo wake Wanjala walikuwa wakibeba abiria kwa baiskeli soko la Chwele, kabla pikipiki hazijaja kuwapokonya kazi. Elphas alikuwa mzuri. Wanjala alikuwa jini. Watu wa Chwele waliapa kwamba akitoka asubuhi na abiria kwenda Kimilili, kivuli chake kilifika adhuhuri, kikihema, kikaomba maji. Mimi, jirani yake hapa, ni wa Mumias, kivuli chenyewe sikukiona, ila namjua mama aliyekipa maji.

Elphas alishinda ile bahati nasibu ya viza akaja Texas. Wanjala hakushinda kitu. Alipita jangwani, akapita baharini, na hayo siyasimulii, maana hata ulimi wangu una mahali ambapo hauendi. Akatokea Ufaransa, kwenye bonde la mto uitwao Dordogne, akapata kibarua cha kuokota jozi, zile njugu ngumu zinazoanguka mitini. Akanunua baiskeli kuukuu ya milimani yenye matairi manene, na kila Jumapili akawa anamtumia kaka yake sauti kwa simu. Nilizisikia. Elphas alizicheza mpaka mtaa mzima ukazijua.

"Kaka, hapa kuna ngome mbili za mawe, moja huku, moja ng'ambo ya mto, zinatazamana kama wake wenza. Wafalme walipigana hapa miaka mia, hebu fikiria, hawana shamba la kulima? Njia inapita msituni, unateremka mpaka moyo unabaki juu. Njoo siku moja tu-ride, mimi na wewe, bila abiria."

Kisha Jumapili moja sauti haikuja. Wala iliyofuata. Mwaka ukaisha, na mwingine, na wa tatu ukaanza kuzeeka.

Sasa, kwetu Uluhyani mtu hapotei hivi hivi. Mwili usipopatikana, hukatwa mgomba, ukavikwa sanda, ukazikwa kwa jina lake, ukaliliwa. Bila hivyo aliyekufa hana pa kulala, na waliobaki nao hawalali. Lakini mgomba una ukali wake: ukimzikia mtu aliye hai, umemfunga huko huko aliko. Hatarudi. Wazee wa ukoo walikuwa wameanza kumsukuma mama yake Wanjala, naye akawajibu, "Sikati mgomba wa mtoto wangu mpaka kaka yake akanyage pale alipokanyaga. Akimwona, aniambie. Asipomwona, aniambie."

Ndilo lililomkalia Elphas kichwani. Ndugu yake yu hai au amekufa, na neno lenyewe litatoka kinywani mwake.

Akaanzia Houston. Huko mtaa wa Gulfton, katika yale maghorofa ambako nguo zimeanikwa kwenye kila reli, alikuwa amesikia kuna Mkongo aitwaye Isack aliyelala chumba kimoja na Wanjala huko Ufaransa, kabla mkewe hajamvuta Amerika. Elphas alinichukua kwenye gari, alisema mdomo wangu unamfukuzia usingizi njiani. Mke wa Isack akatuandalia fufu na sombe, ndicho kisamvu chao. Hakuna aliyekula ila mimi. Mimi huzuni hunitia njaa.

"Ndugu, sikufiche kitu," Isack akasema, macho yake kwenye zulia. "Ile dimanche, ile Jumapili ya mwisho, alibeba velo yake, ile baiskeli, akasema anaenda kuona ile ngome ya ng'ambo. Mangaribi hakurudia."

"Ukaenda polisi?"

"Na makaratasi gani? Siye wote tulikuwa tunafanya kazi ya kujificha. Patron, bwana wa mashamba, akasema tunyamaze. Kesho yake tukatoka, kila mutu na njia yake."

"Mkamwacha."

"Tukamuacha, ndugu."

Nilidhani Elphas atampiga, hata nikasogeza bakuli la sombe lisimwagike. Akanyoosha mkono tu, akamshukuru kwa kusema kweli. Tuliporudi, barabara yote mpaka Dallas nilipiga hadithi, ya fisi aliyeoa mjini, ya jirani yangu aliyenyonyesha radi. Yeye akakanyaga mafuta tu.

Akachukua likizo yake yote ya mwaka kwa mkupuo mmoja, akaenda. Siku ya kumuaga nilimwambia, "Mwanangu, huko usile bata. Nasikia wanamlisha kwa mrija mpaka ini linakuwa kubwa kuliko bata mwenyewe." Akanitazama kama mtu anayetazama dirisha.

Aliyoyaona alikuja kunisimulia akiwa amekaa kwenye kochi langu, na haya sikuyaongezea chumvi, maana hayakuwa na mahali pa kuishika.

Alikodi baiskeli ya milimani kwa mzee mmoja wa pale, akashika njia za Wanjala, na picha ya Wanjala kwenye simu. Njia ni za mawe meupe, zinapanda kwenye misitu ya mialoni, zinapita chini ya miamba ambamo watu wa kale sana waliishi kama mbayuwayu, zinashuka kwenye vijiji ambavyo nyumba zake zote ni rangi ya asali. Kila kijiji alisimama. Kwenye duka la mikate, kwenye kanisa, kwa bibi anayeuza jozi nje ya mlango wake. Aliwaonyesha ile picha, na simu ikamsemea Kifaransa.

Wale watu wakatazama picha, wakamtazama yeye, wakatabasamu. "Huyu si ni wewe?"

Ndugu hawa wamefanana hasa, paji la uso lile lile, mwanya ule ule. Bonde zima likamwambia hivyo. Ni wewe. Padri akamwambia. Mzee wa baiskeli akamwambia, tena akacheka, akidhani ni mzaha wa Kiafrika. Polisi hawakucheka, lakini jina la Wanjala hawakuwa nalo, maana hakuna aliyewahi kuwapelekea. Yule bwana wa mashamba ya jozi alikuwa ameuza akahama.

"Na nikuambie la aibu, Kukhu," akaniambia. Huniita Kukhu, ndiyo nyanya kwa lugha yetu. "Kuna mteremko mmoja, mrefu, unashuka mpaka mtoni, na zile ngome zote mbili ziko mbele yako. Nikaachia breki. Upepo ukanijaa kwenye shati, nikacheka. Kwa sauti. Nikasahau nimekuja kufanya nini. Nilipofika chini nikakumbuka, nikaketi pale majini nikalia kama mtoto mchanga."

"Mto ulikuwa na kina?"

"Una kina, Kukhu. Na unaenda mbio."

Nikammiminia chai.

Akanywa chai yangu mpaka masalio, kisha akasema, "Kukhu, wewe ni mwongo."

"Nashukuru."

"Nipe mmoja. Wa mama. Siwezi kumwambia akate mgomba, na siwezi kumwambia asikate."

Jamani, mtu akikuomba maji na kisima ni chako, utamnyima? Nikakunja miguu kwenye kochi, nikamjengea uongo wa mawe matupu. Wanjala yu hai. Alioa mjane mwenye mashamba ya jozi, mwanamke mkubwa kama ghala, anayempenda kwa fujo. Ndiye mshika funguo wa ile ngome ya ng'ambo, funguo zenyewe hubebwa na punda. Simu yake ilimezwa na bata. Amenenepa, alilia alipomwona kaka yake, na makaratasi yakitoka tu atakuja nyumbani. Nikamfundisha Elphas mahali pa kucheka na mahali pa kufuta jasho. Akakariri mpaka nikamsadiki mimi mwenyewe.

Akampigia mama yake palepale, simu ikiwa mezani sote tusikie. Akasema vizuri! Alipofika kwenye punda, mama alicheka, kicheko cha mtu mwenye meno machache. Nikajipiga kifua kimyakimya.

Kisha mama akauliza, "Amekupa nini uniletee?"

Elphas akanitazama. Mimi nikatazama birika.

Wala siyo swali gumu. Mtu wetu hatoki kwa mtoto wako akaja mikono mitupu. Hata mtoto aliye kifungoni atakutumia salamu na kipande cha sabuni. Sisi wawili, Waluhya wa kuzaliwa, tulihangaika na ngome na mjane, na swali hilo, ambalo kila mama wa kwetu huliuliza kabla hujakaa, halikutupitia kichwani. Uongo wangu ulikuwa na minara, haukuwa na kilo moja ya sukari.

"Mama, ali... alisema atatuma..."

"Wanjala?" mama akasema polepole. "Wanjala aliyekuwa akininunulia mkate kabla hajajinunulia tairi? Wanjala akuachie uondoke hivyo?" Tukasikia kuku wake wakichakura. "Umejaribu, baba. Asante. Waambie wazee wakate mgomba."

"Na kama yu hai, mama?"

"Basi nitakuwa nimemuua mimi. Wewe usilibebe."

Wakapanga maziko. Elphas akaomba ruhusa kazini aende Chwele, maana kaka mkubwa ndiye hutupa udongo wa kwanza. Msimamizi akamwambia likizo yake ameimaliza, na ya msiba hutolewa kwa cheti cha kifo. Mgomba ungetoa wapi cheti? Akiondoka, aondoke moja kwa moja. Na ni mshahara huo unaomlisha mama.

Kwa hiyo alimzika mdogo wake katika chumba cha mapumziko cha bohari, asubuhi, baina ya mashine ya soda na mashine ya kahawa. Binamu yake ndiye aliyeshika simu kule kaburini. Elphas aliuona ule mgomba umefungwa shuka jeupe, mwembamba, mrefu kama Wanjala. Mzee wa ukoo akaita, "Elphas! Uko wapi? Tupa udongo." Akatazama chini, sakafu ya zege, imefagiliwa. Binamu akamtupia kwa mkono wake.

Kengele ya kurudi kazini ikalia. Hakuikata simu. Aliitia mfukoni, akapanda forklift, akaendelea kuinua majokofu, na watu wa Chwele wakamlilia Wanjala ndani ya ule mfuko mpaka betri ikaisha.