Mchicha wa Mjomba Shabani

Harufu ya samadi ya kuku ikinipitia hata leo, nikiwa ndani ya gari na vioo nimefunga, namwona mjomba Shabani ameinama kwenye bustani ya kukodi kule Riverdale Park, suruali ameikunja hadi magotini, anausemesha mchicha wake kwa Kisambaa. Nilikuwa na miaka tisa. Yeye alikuwa mdogo wake mama, kijana aliyelima mboga Lushoto tangu akiwa mtoto, akaja kwetu Lanham na mbegu za bibi amezifutika ndani ya soksi. Asubuhi alisafisha ofisi za watu, jioni alilima, nami nikimwagilia. Mchicha wake ulikuwa laini, unaiva kabla kitunguu hakijabadilika rangi. Waswahili wenzetu waliula na kumcheka kwa kinywa hichohicho: "Mtu umefika Marekani, bado unashika jembe?"

Aliyeona haya kuliko wote ni baba yangu. Kila tukikaa kula, wimbo ni uleule. "Shabani, join jeshi bwana. Utapata papers fasta, utasoma bure. Bustani itakupeleka wapi?" Mjomba hakuwa mtu wa kubishana na shemeji yake. Akakubali. Baba mwenyewe alimpeleka kuandikishwa, akarudi anapiga mluzi.

Kabla ya kupelekwa Afghanistan alipewa likizo fupi, na yote aliimalizia bustanini. Mstari wa mwisho aliuzungushia utepe mwekundu. "Zuhura, huu mtu asiuchume. Ni wa mbegu, na mbegu za bibi zimebaki hizi tu. Nikirudi tutazipukutisha mimi na wewe." Niliulinda kiangazi chote. Ulirefuka hadi ukanipita kimo, na vichwa vyake vikaanza kuwa vyekundu.

Habari ikaja kwamba ameuawa vitani. Nyumba ilijaa watu, mama kalala chumbani sauti imemkauka, na kina mama jikoni wakauliza mboga ya kulisha msiba itatoka wapi. Baba akasema, "Si kuna bustani ya marehemu?" Nilifuatana nao. Walipoukata utepe nilipiga kelele kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wa huku: "No! That's for the seeds! He said don't touch it!" Mama Rehema, jirani yetu, alinishika mkono. "Pole mwanangu. Mwenyewe hayupo tena, mbegu za nini sasa?" Akapukusa majani, vichwa vibichi akavitupa kwenye pipa. Wali ulipopakuliwa, walewale waliomcheka wakausifu mchicha, kisha wakamsifu shujaa wao. Niliwachukia wote, na bado sijamaliza kuwachukia.

Uraia wake ulikuja akiwa tayari kaburini. Baba ameutia fremu, umetundikwa sebuleni, na kila mgeni lazima auone. Kila mwaka hualikwa kwenye kumbukumbu ya wanajeshi waliokufa, penye bendera na matarumbeta, akazungumza habari za askari wetu. Sijamsikia hata siku moja akisema kwamba yule alikuwa mkulima. Mimi sasa nakaa Fairfax, na Jumapili nawapelekea wazazi mchicha wa dukani, ule wa kugandishwa. Juzi baba aliusukuma pembeni mwa sahani.

"Mchicha wa siku hizi hauna ladha kabisa. Unaukumbuka wa mjomba wako?"

"Ule mliumaliza msibani, baba."

Akaniomba chumvi.